Mifuniko mitano na khanga moja

Shule zilipofungwa Machi 2020 nilikuwa na darasa la sita, na kitu pekee nilichoweza kuwatumia wanafunzi ni video kupitia simu za wazazi wao. Tangu hapo sijaacha. Hata sasa, kila Ijumaa jioni natuma klipu moja kwenye grupu la wazazi, yenye fumbo la hisabati la kufanya kwa mikono mwishoni mwa wiki.

Studio yangu ni jikoni. Nasogeza viti viwili, nailaza simu juu yake kamera ikichungulia chini katikati, kisha natandika khanga sakafuni. Inayoonekana ni mikono yangu tu. Klipu haizidi dakika moja na nusu, kwa sababu zile za mwanzo zilikuwa ndefu na wazazi wengi walishindwa kuzifungua. Bando la mzazi si la kuchezea.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye fumbo la mifuniko ya sufuria. Unapanga mifuniko mitano, mkubwa chini, mdogo juu. Una vituo vitatu. Uhamishe rundo lote hadi kituo cha tatu, mfuniko mmoja kwa wakati, na kamwe mkubwa usikae juu ya mdogo. Je, hatua chache kabisa ni ngapi? Fumbo hili lilitolewa na Mfaransa Édouard Lucas mwaka 1883, yeye akitumia visahani vya mbao na vijiti vitatu. Mimi nilicheza hadi mwisho mbele ya kamera na kutaja jibu: 31. Jumatatu daftari zote zilikuwa na 31. Nikauliza nani amegusa mifuniko. Kimya.

Roho iliniuma. Nikarekodi upya. Safari hii nilihamisha mifuniko miwili tu, hatua tatu, nikaondoa mikono kwenye khanga na kusema, “Sasa jaribu mitatu, halafu minne, halafu mitano. Andika hesabu ya kila moja.” Basi. Kuikata video pale kulinisumbua kuliko nilivyodhani. Mwalimu amezoea kumalizia sentensi.

Usiku uleule zikaanza kuingia picha na sauti. Mtoto mmoja alitumia sahani za bati kwa kuwa kwao sufuria zina mifuniko miwili tu. Mwingine alirekodiwa na dada yake, na katikati ya video unamsikia bibi yao akisema, “Hapo umekosea mjukuu wangu, kubwa umeiweka juu ya ndogo, rudisha.” Bibi yule hakuwahi kukaa darasani kwangu, lakini sheria alikuwa ameishika barabara.

Ujumbe ninaoutunza hadi leo ni wa binti ambaye darasani hanyooshi mkono. Mara ya kwanza alimaliza mitano kwa hatua 43, akarudia mpaka 31. Kisha akasema hivi: “Shikamoo mwalimu. Ule mkubwa wa chini hautoki mpaka wa juu wote wahame. Ukishahama, wale wa juu wanahama tena kuufuata. Kwa hiyo ni kazi ya mwanzo mara mbili, ongeza moja.” Hesabu zake alikuwa amezipanga: 3, 7, 15, 31. Akaongeza kwamba mifuniko sita itakuwa 63, na hakuwa na mfuniko wa sita.

Niliusikiliza mara nne nikiwa nimesimama. Hiyo ndiyo kanuni yenyewe, na sababu yake, kwa maneno yake mwenyewe.

Ijumaa hii narekodi nje. Fundi anayejenga ukuta kwa jirani amekubali nimpige video anavyopata kona ya mraba: anapima sentimita 60 upande huu, 80 upande ule, kisha anavuta futi ya kupimia kukatiza kati ya alama mbili mpaka isome 100. Nimemwomba asiseme kwa nini. Watoto watahitaji kamba tu, na kona yoyote ya nyumba.