Kitana cha Tucson

"Mjomba, hicho chenye manyoya usikisogelee," alisema mpwa wangu, anayesoma University of Arizona, mjini Tucson, Marekani. Mimi ni mtu wa Dodoma, nimekulia kwenye miiba ya migunga. Nikasogea nipige picha. Naapa sikugusa kitu, ila kidonge cha miiba ukubwa wa limau kilikuwa kimeshang'ang'ania shavu la mguu wangu.

Mmea huo huitwa cholla, ukoo mmoja na mpungate wetu. Jua la asubuhi likiwa nyuma yake hung'aa kama kifaranga. Kumbe kila mwiba una vijino vilivyogeukia nyuma. Kuingia unaingia, kutoka hautaki. Kipande hubanduka kirahisi kikaning'inia kwa mnyama, na kinapodondoka ndipo kinapoota. Nami nikawa mbuzi wa kukisafirisha. Kosa la pili nikakivuta kwa mkono, basi mguu na vidole vikafungwa pamoja.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mkewe hakuuliza neno. Akatoa kitana mfukoni, akakipenyeza kati ya kidonge na ngozi, akakirusha mbali. Iliyobaki akaing'oa mmoja mmoja kwa kibanio, nami nikihesabu kwa machozi. "Mwiba wa kujichoma, mjomba..." mpwa akaanza, akaniachia nimalizie mwenyewe.

Hiyo ilikuwa Saguaro National Park, upande wa magharibi, ambako gari tulilipa dola 25. Dola 25 kutazama miiba! Nilinung'unika mpaka niliposimama chini ya saguaro, mmea wa miiba mrefu kuliko nyumba, ambao huweza kukaa miaka 50 na zaidi kabla ya kuchipua mkono wa kwanza. Kwetu mti wa umri huo tungeshaufanya mkaa. Dodoma nayo ina ukame, ina chuo kikuu kilimani, ina mibuyu. Mgeni akija tunampeleka kula nyama choma.

Siku tatu zilizofuata zilipita nikichechemea: tramu ya mjini, kanisa jeupe la San Xavier lililokamilika mwaka 1797, na hoteli iliyonitoza dola 4 kwa chupa ya maji, jangwani, joto likiwa nyuzi 41.

Kitana nilinunua siku ya mwisho, tukielekea mlima Mount Lemmon. Kule juu, karibu mita 2,800, ni baridi na misonobari mitupu. Mpwa alicheka njia nzima.