Kiuno cha shiti

Mwaka wangu wa mwisho pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilipewa kazi ya kutabiri kwa kompyuta jinsi shiti ya chuma laini inavyovutika hadi kuchanika. Kwenye mashine nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu: kipande chenye upana wa milimita 12.5 na unene wa 1 kinarefuka taratibu, mwili mzima sawasawa, kisha kinaanza kujibana katikati. Ndani ya kiuno hicho unazuka mfereji mwembamba uliolala mshazari, kwa pembe ya nyuzi 55 hivi kutoka upande kinakovutwa. Hapo ndipo kinapochanika. Sikuchoka kuutazama mfereji ule.

Lakini kipande changu cha ndani ya kompyuta kilirefuka, kikazidi kurefuka, kiuno hakikuja. Cha kushangaza, nguvu ilifika kilele na kuanza kushuka mahali pake hasa, pale alipopaeleza Mfaransa Considère mwaka 1885: chuma hukaza kadiri kinavyovutwa, lakini pia hukonda, na mambo huharibika pale kukaza kunaposhindwa kufidia kukonda. Kwa chuma changu ilikuwa baada ya kurefuka asilimia 23 hivi. Hesabu sahihi, kiuno hakuna. Wiki nzima nilipekua programu mstari kwa mstari.

Jumamosi nikashuka Gerezani kwa baba mdogo, fundi wa majiko na masanduku ya chuma. Nyundo zilikuwa zinalia pande zote, nikamweleza kwa kupaza sauti. Akaokota utepe wa shiti, akaupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba.

"Hilo lako lina mahali pembamba?"

"Hapana, bamdogo. Upana ni mmoja kote, unene ni mmoja, na ncha nimeziacha zikonde zitakavyo."

"Sasa mwanangu, kila mahali pana nguvu sawa, lichanikie wapi?"

Sikungoja hata chai. Usiku ule nilipunguza upana wa katikati kwa milimita 0.05, unene wa unywele, nikavuta upya. Hadi kwenye kilele hakuna kilichobadilika. Kilele kilipopita, kiuno kikaingia, na ndani yake, mshazari, mfereji.

Nilichapisha picha ile nikampelekea. Aliifuta mikono kwanza, akaishika, akaweka kidole gumba juu ya mfereji na kukaa nayo kimya muda mrefu.