Siku Sita Chini ya Nyiragongo

Meli ya usiku kutoka Bukavu ilipoanza kupunguza mwendo karibu na bandari ya Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, alfajiri moja ya Februari 2022, abiria waliinuka mmoja mmoja wakaenda kusimama kwenye kingo za sitaha, na wote, hata akina mama waliokuwa bado wakifunga mizigo na kubeba watoto mgongoni, wakatazama upande mmoja. Nilidhani wanawatafuta jamaa zao gatini. Mzee aliyelala karibu nami safari nzima ndiye aliyenigusa bega na kuninyooshea kidole juu zaidi, kupita gati na kupita mabati ya mji, hadi kwenye mlima uliokatika kilele kama chungu kilichomeguka mdomo, ambako moshi mweupe ulikuwa ukitoka taratibu na kuinamia magharibi. "Leo uko wazi," alisema. Waliokuwa karibu waliitikia kwa kichwa, kisha kila mtu akarudi kwenye mizigo yake.

Nilikuwa nimealikwa na rafiki niliyesoma naye, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi mbali na kwao, nikakae kwa mama yake mtaa wa Majengo. Jambo lililonipeleka lilikuwa limenikaa moyoni tangu Mei 2021, nilipofuatilia redioni habari za mlipuko wa mlima huo, Nyiragongo: watu wapatao milioni moja wanaishije, mwaka hadi mwaka, chini ya volkano ambayo haina desturi ya kubisha hodi? Sisi wa Tanzania tunaufahamu Ol Doinyo Lengai, ambao lava yake hutoka na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, dogo kuliko la volkano nyingine yoyote duniani, na ambao hakuna mji mkubwa miguuni pake. Nyiragongo ni habari nyingine. Una urefu wa mita 3,470, kasoko yake, yaani shimo la kileleni, ina upana wa zaidi ya kilomita moja, na iko kilomita 18 hivi kutoka mjini. Lava yake ina silika kidogo sana, madini yanayoifanya lava inate, kwa hiyo hutiririka kwa wepesi. Januari 10, 1977, ziwa la lava lililokuwa ndani ya kasoko lilipasua ubavu wa mlima na kumwagika lote katika muda usiotimia saa moja, likiteremka kwa kasi iliyokadiriwa kufikia kilomita 60 kwa saa. Lava ya volkano nyingi mtu anaweza kuikwepa kwa kutembea. Ile ya 1977 hakuna mguu ulioweza kushindana nayo.

Goma yenyewe imejengwa kwa lava. Kuta za viwanja ni mawe meusi yenye vitundu vitundu, yaliyochongwa kwa nyundo na kupangwa kwa saruji, na vijana wanaosukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao yenye magurudumu mawili madogo, hubeba mawe hayohayo pamoja na magunia ya makaa na viazi. Katikati ya mji nilionyeshwa duka ambalo mlango wake wa leo ulikuwa dirisha la ghorofa ya kwanza hadi Januari 17, 2002. Siku hiyo nyufa zilifunguka kwenye mteremko wa kusini, zikashuka zikielekea mjini, na lava ikakata mji katikati, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikabomoa kanisa kuu la Kikatoliki na kuingia Ziwa Kivu. Zaidi ya watu 100 walifariki na wapatao 120,000 walibaki bila makazi. Ghorofa ya chini ya lile duka bado ipo, imejaa jiwe. Mwenye duka aliniambia kwamba alipoanza upya hakuona sababu ya kulichimba, kwa kuwa jiwe hilo ndilo msingi imara kuliko wote aliowahi kuwa nao.

Mama mwenyeji wangu ni mwanamke wa makamo, mshonaji wa nguo za wanafunzi, anayelea wajukuu watatu. Jioni ya kwanza, baada ya chakula, nilimwuliza kwa adabu kama angeweza kunieleza usiku wa Mei 22, 2021. Kabla ya kusema lolote alikwenda nyuma ya mlango akaleta begi la shule lililochakaa, akalifungua juu ya meza, akatoa kitu kimoja kimoja. Kulikuwa na vyeti vya kuzaliwa na vya shule ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mara mbili, redio ndogo na betri zake zikiwa zimetenganishwa ili zisiishe, sweta tatu za watoto, chupa ya maji, chumvi, kiberiti, na hati ya kiwanja. Kisha akanigeuzia kola ya sweta moja. Ndani yake alikuwa ameshona kitambaa cheupe chenye jina la mtoto, jina la mtaa na namba ya simu, kwa uzi mwekundu na kwa herufi zilizonyooka kuliko za mashine.

"Hii, mwanangu, ni kwa sababu ya yule mdogo," alisema.

Usiku ule wa Jumamosi, yapata saa moja, anga la kaskazini liligeuka jekundu, naye hakushtuka, kwa kuwa miaka yote wekundu wa ziwa la lava ulikuwa ukionekana mjini nyakati za usiku na watoto walikuwa wamekua nao kama wengine wanavyokua na mwezi. Kilichomshtua ni kwamba wekundu ulikuwa umeshuka. Haukuwa tena kwenye kilele, ulikuwa ubavuni. Walitoka na umati kuelekea magharibi, barabara ya Sake, gizani, huku umeme umekatika mtaani kwao, na katika msukumano wa watu, pikipiki na magodoro, mkono wa mjukuu mdogo ukamponyoka. Mtoto alipatikana siku ya pili kwa wasamaria wema. Shirika la UNICEF lilitangaza siku hizo kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametenganishwa na familia zao, na nilipoisikia takwimu hiyo redioni nilikuwa nimeipita haraka, kama tunavyozipita takwimu. Mbele ya ile kola sikuweza.

Wataalamu waliochunguza mlipuko ule walibaini kwamba dalili za kwanza kwenye mitambo ya kupimia mitetemeko zilijitokeza chini ya saa moja kabla ya lava kutoka. Nalitaja jambo hili kwa uchungu, kwa kuwa kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, kilichoanzishwa 1986, kilikuwa kimepitia miezi kadhaa bila fedha ya kulipia hata intaneti ya kupokea vipimo kutoka mlimani. Huenda vipimo kamili visingeongeza muda mrefu wa kujiandaa. Lakini mji wenye watu wengi hivyo hauwezi kudaiwa uwe tayari ilhali chombo chake cha kusikilizia ardhi kinaachwa kipungukiwe na kitu kidogo kama hicho.

Siku ya tatu nilipanda pikipiki hadi Buhene, kwenye ukingo wa kaskazini wa mji, ambako ulimi wa lava wa 2021 ulisimama ukiwa umebakiza mita mia chache ufike uwanja wa ndege. Nilitarajia kuona jangwa. Nilikuta watu kazini. Lava ilikuwa imelala juu ya kilichokuwa mtaa, nyeusi, yenye mikunjo kama kamba zilizosokotwa, na katikati yake yalichomoza mabati yaliyojikunja, kipande cha kitanda cha chuma na mti uliobaki kisiki cheupe. Nilipokanyaga, ilivunjika kwa sauti ya kigae, na kingo zake zilikuwa kali kiasi cha kukata soli ya kiatu. Mwanamume mmoja alikuwa akiigonga kwa nyundo kubwa, akisawazisha eneo la hatua kumi kwa kumi. Alinieleza kwamba kiwanja kilikuwa chake na bado ni chake, ila sasa kimepanda juu, na kwamba alikitambua kwa kupima hatua kutoka kwenye kona ya shule iliyonusurika. Mwenzake aliongeza jambo ambalo wengi wa mbali hawalifahamu: katika siku zile, baadhi ya waliofariki hawakuguswa na lava kabisa. Wengine walikufa kwa ajali za barabarani wakikimbia, na wengine kwa gesi walipojaribu kukatiza juu ya lava iliyoonekana kupoa.

Gesi ndiyo nusu ya hatari ambayo haina wekundu. Magharibi ya mji, karibu na ziwa, kuna mabonde madogo ambayo wenyeji huyaita mazuku. Ni mahali ambapo hewa ukaa hupenya kutoka ardhini na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama kwenye vishimo, hasa usiku na alfajiri kabla ya upepo kuitawanya. Nilionyeshwa kimoja nikiwa nimesimama juu yake, mchana, kwa umbali wa heshima. Kilikuwa kishimo cha kawaida chenye majani mabichi, kina chake hakizidi kiuno cha mtu mzima, na chini yake alikuwa amelala ndege mdogo, mabawa yamekunjwa vizuri, hana jeraha. Watoto wa pale hufundishwa mapema wasimfuate mbuzi anayeteremka huko.

Na chini ya Ziwa Kivu, lenye kina kinachozidi mita 450, kuna akiba ya gesi inayokadiriwa kuwa kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za methani, iliyoyeyuka na kukandamizwa na uzito wa maji. Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kamerun, dogo sana likilinganishwa na Kivu, lilitoa hewa ukaa yake ghafla na kuua watu zaidi ya 1,700 usiku mmoja. Ndiyo maana, siku chache baada ya lava kusimama, mitetemeko ilipozidi na barabara za Goma zikapasuka kwa sababu magma, yaani mwamba ulioyeyuka ambao bado haujatoka ardhini, ilikuwa ikisogea chini ya mji na ziwa, mamlaka ziliamuru, alfajiri ya Mei 27, mitaa 10 kati ya 18 ihamwe. Wapatao 400,000 waliondoka. Magma haikutoka, ziwa halikulipuka, na Juni watu walirejea. Wapo waliosema waliondolewa bure. Mama mwenyeji hakubaliani nao: yeye asema bora kurudi ukiwa umechoka.

Nilimwuliza, kwa kuwa swali lilikuwa limenifikisha pale, kwa nini hahami. Alifikiri sana kabla ya kunijibu, na jibu lake lilikuwa maelezo ya njia. Kaskazini ni mlima. Kusini ni ziwa. Mashariki ni mpaka wa Rwanda, ambao siku ya hatari hufunguliwa au haufunguliwi. Magharibi ni barabara moja ya Sake, ambayo mwaka 2021 ilijaa hadi watu wakalala humo. Vijiji alikotoka mumewe vina vita. Hapa ana cherehani, wateja na shule ya watoto, na udongo wa volkano ndio unaowapa viazi, maharage na kabichi wote wanaouza sokoni. Alikuwa ameyapima yote hayo miaka mingi kabla yangu. Tangu hapo nimeacha kuuliza kwa nini watu wa Goma hawahami. Nauliza wataambiwa mapema kiasi gani, na watapitia wapi.

Usiku wa tano ardhi ilitetemeka. Vyombo viligongana kabatini kwa muda wa pumzi tatu au nne. Nilipotoka chumbani, mama alikuwa tayari amefungua mlango wa nje, kwa sababu fremu ikipinda mlango hukwama, na alikuwa amesimama kizingitini akitazama kaskazini, mkono mmoja kwenye begi. Wawili kati ya watoto walikuwa wameketi kitandani, viatu miguuni, bila kulia. Mdogo aliendelea kulala. Tulisubiri karibu saa nzima. Mawingu yalikuwa yamefunika mlima, kwa hiyo alisikiliza badala ya kutazama: mbwa, majirani, redio. Kisha akawavua watoto viatu, akavipanga kila jozi chini ya mguu wa kitanda vidole vikielekea mlangoni, akaniambia nikalale. Sikulala, nilikaa na viatu vyangu hadi adhana ya alfajiri.

Siku ya kuondoka alinipa karatasi iliyokunjwa, nimfikishie dada yake anayeishi Bukavu. Ilikuwa na majina ya watoto watatu, umri wao, namba za viatu, na kwamba wa kati hawezi karanga. Nilimkuta dada huyo kwenye nyumba ndogo mlimani, juu ya ziwa, siku hiyohiyo. Aliisoma akiwa amesimama, akaingia ndani kuhesabu magodoro, akarudi na kuiweka ndani ya Biblia pamoja na karatasi nyingine mbili za namna hiyo, kutoka nyumba nyingine mbili za Goma. Kisha akaniuliza kama nilipoondoka mlima ulikuwa wazi.