Biriani bila wali, bamia ya shira

Haya jamani nimerudi, na sio likizo, nimerudi kweli. Miaka saba nlikuwa Isfahan, Iran, nasoma, wiki ya tatu hii niko Unguja, na watu nikikutana nao njiani hawaniulizi digrii wala nini, wananiuliza "we ndo yule ulieomba mkate?" Kwa hiyo naandika hapa mara moja nisije nikahadithia nyumba kwa nyumba.

Ilikuwa hivi. Siku nlioshuka boti mama kashapika biriani ya kuku, sinia limejaa, masala yanang'aa mafuta, kachumbari, pilipili ya kusaga, yaani vyote nlivyokuwa naviota kule kwenye baridi. Nikanawa, nikakaa, nikatazama kulia, nikatazama kushoto, mdomo ukanitoka wenyewe: "Mama, mkate uko wapi?" Kimya. Halafu mdogo wangu akacheka mpaka punje za wali zikamtokea puani, na bibi akasema, "Ala! Mume wangu kaondoka mzima, karudi hivi."

Sasa nisikilizeni na mimi. Biriani ya Isfahan haina wali. Hata punje. Wenyewe wanaitamka beryuni, na mara ya kwanza nlivyoisikia nlikuwa nina wiki mbili tu pale, nimechoka na chakula cha bweni, mtu akanambia twende bazari tukale beryuni, mi nikaona Mungu kanikumbuka.

Bazari yenyewe inaanzia kwenye ule uwanja mkubwa, Naqsh-e Jahan, una urefu wa zaidi ya nusu kilomita. Shah Abbas, mfalme wao wa zamani, alihamishia makao makuu yake Isfahan mwaka 1598 halafu ndo akaujenga. Upande wa kaskazini kuna lango linaitwa Qeysarieh, ukipita hapo umeshaingia chini ya dari za matofali, kuba baada ya kuba, na kila kuba ina tundu juu, jua linashuka kama nguzo, vumbi na moshi vinacheza ndani yake. Unatembea kama kilomita mbili hivi mpaka Msikiti wa Ijumaa na muda wote uko chini ya dari. Mafundi wa shaba wanagonga masufuria ngongongo mpaka kichwa kinauma, mikokoteni inapita, mahamali wanapiga kelele "ya Allah, ya Allah" ujitoe njiani, we ukizubaa utagongwa kisigino. Mtu wa Darajani, soko letu la mjini Unguja, hapotei pale, nawaambia, ni Darajani yenye paa.

Basi tukaingia kibanda chenyewe, foleni mpaka nje. Jamaa ana vikaango vidogo vya shaba vya duara, vina mipini mirefu, anachukua nyama ya kondoo iliochemshwa ikasagwa na vitunguu, nanaa kavu na mdalasini, anaibandika kwenye kikaango na mafuta, moto mkali, halafu anakipindua juu ya mkate wa moto ulioloweshwa mchuzi. Chini ya nyama kuna mapupu. Ndio, mapupu ya kondoo yaliokatwakatwa, mimi sikujua mpaka nimemaliza. Juu lozi, pembeni kitunguu kibichi na rundo la mrehani. Mrehani! Kwetu unawekwa kwenye kikuba bibi harusi anukie, wao wanautafuna kama mchicha. Nikakaa nasubiri wali. Mwenzangu anakula, mi nasubiri. Akaniuliza vipi, nikamwambia nasubiri biriani. Akanionesha sahani yangu.

Nlikula kwa hasira siku ile lakini wallahi mwezi wa pili nlikuwa naenda mwenyewe kila Alhamisi, kwa sababu Ijumaa bazari karibu yote imefungwa. Sasa miaka saba ukisikia neno biriani mkono unatafuta mkate, mnanilaumu nini?

Na hio ni biriani tu. Ramadhani ya kwanza, mwenzangu wa chumbani, mtu wa hapohapo Isfahan, akanambia leo kwenye futari kuna bamia. Mi mchana kutwa nawaza mchuzi wa bamia, namna utakavyoteleza kooni baada ya njaa ile ya kiangazi, saa kumi na sita bila maji. Magharibi akafungua boksi: vitu vya kahawia vina mistari, vifupi kama kidole, vimelala kwenye shira. Wanaita bamie kwa sababu ya umbo lake, basi. Ukikiuma shira inakurukia kwenye kidevu, ni kama kaimati alievaa suti. Na pacha wake anaitwa zulbia, huyo ni jelebi, hakuna mjadala.

Kitu nlichokuja kukigundua ni kwamba jina likifanana na letu ujue utadanganyika, ila jina likiwa geni kabisa hapo ndo unakutana na chakula cha nyumbani. Asubuhi ya baridi unapita mtaani unakuta sufuria kubwa linafuka moshi, wanaita halim, ngano na nyama imepondwa mpaka inavutika, wanamwagia mdalasini na sukari. Nikaonja nikakaa kimya. Boko boko hii! Sisi tunamwagia samli na vitunguu vya kukaanga, wao sukari, lakini ni boko boko ile ile ya Idi. Na kuna kale pache, hio watu wanaila alfajiri kabla jua halijatoka, kichwa na miguu ya kondoo vimekesha motoni, unasimama unachagua, nataka ulimi, nataka shavu, nataka ubongo, jicho kama una roho ngumu. Wanakamulia limau, wanakatia mkate wa sangak ambao unaokwa juu ya kokoto za moto (angalia jino, kuna kakijiwe hukawii kukuta). Mtu wa bara aliekulia supu ya makongoro pale ni kwao.

Pilipili hawana lakini. Hilo nlilia nalo miaka yote, chakula chao hakiwashi kabisa, mama alikuwa ananitumia pilipili kavu kwa kila anaekuja.

Kingine mnachoniuliza sana ni masikio ya tembo. Ni kweli nlikula. Wanaita gushfil: gush ni sikio, fil ni tembo, waliosoma Suratul Fil wanaelewa. Ni unga tu umekandwa mwembamba, ukakaangwa, ukapakwa sukari. Maajabu yake ni kwamba Isfahan wanaula na dugh, yaani mtindi uliokorogwa na maji, chumvi na nanaa, mchachu hasa. Tamu ya sukari na chachu ya chumvi kwa wakati mmoja. Unasimama pale bazari, glasi mkono huu, sikio mkono ule, karatasi inalowa mafuta. Nlitema mara ya kwanza. Juzi nimekoroga mtindi hapa nyumbani nikaweka chumvi na nanaa nikanywea visheti, mama kanitoa jikoni.

Ah na msije mkaenda mkaaibika kama mimi. Mwenye duka ukimuuliza bei anakwambia "ghabel nadare", yaani hakina thamani mbele yako. Mi nikasema ahsante, nikachukua boksi langu la gaz, ile halua nyeupe ya lozi na pistashio, nikaondoka zangu. Mtoto wa dukani akanikimbilia mpaka kwenye mafundi wa shaba. Ni adabu tu jamani, unatakiwa ukatae mara mbili tatu ndo akutajie bei, na akikutajia atakutajia kwa toman wakati noti imeandikwa rial, ongeza sifuri moja.

Bibi yangu ni mtu wa Makunduchi, anajihesabu Mshirazi, yaani wazee wake walitoka Shirazi ya Iran, na Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya, haukosi. Wakati naondoka 2016 alikuwa haniagi kama naenda ugenini, ananambia "unakwenda kwenu, wasalimie." Jana usiku tuko barazani, nakunywa chai, kipande cha sukari nimekibana menoni kama wanavyofanya kule, ananitazama tu. Akaniuliza: "Na Shirazi kwenyewe ulifika?" Nikamwambia nlifika bibi, nlipanda basi la usiku, siku mbili nikarudi.

"Wakakukaribisha nini?"

"Faluda."

Akafurahi, akajiweka sawa kwenye mkeka. "Enhe! Nzuri? Inafanana na yetu?"

Nikamweleza, yao ni tambi nyembamba za wanga zimegandishwa na barafu, sukari na maji ya waridi, unakamulia ndimu.

"Na maziwa?"

"Haina maziwa, bibi."

Akanyamaza muda mrefu, akaitazama chai yangu, akasema: "Basi hao si ndugu zetu."