Nilivyotibu ini lenye mafuta kwa dawa ya kisukari

Kwa miaka sita nilimeza metformini asubuhi na jioni nikiamini kwamba dawa hiyo, kwa kuwa inapunguza sukari, inalilinda na ini langu pia. Hakuna aliyeniambia hivyo. Imani hiyo niliijenga mwenyewe tangu siku ultrasaundi ilipoonyesha kuwa ini langu lina mafuta, nikaambiwa kwa haraka niendelee na dawa zangu na nipunguze uzito. La kwanza nililishika, la pili nikaliacha.

Nilipofikisha miaka 52 nilipata daktari mpya, naye aliyasoma majibu yangu ya damu kwa utulivu ambao sikuwa nimeuzoea. Kimeng'enya cha ini kiitwacho ALT kilikuwa 78, kingine kiitwacho AST 61, na chembe zinazogandisha damu 205. Aliziunganisha namba hizo na umri wangu katika kanuni iitwayo FIB-4, akapata takriban 1.75, kisha akanifafanulia kwamba chini ya 1.3 uwezekano wa kuwa na makovu makubwa kwenye ini ni mdogo, juu ya 2.67 ni mkubwa, na aliye katikati kama mimi anahitaji kipimo kingine. Nikapelekwa kupimwa ugumu wa ini kwa mashine inayotuma mtetemo kupitia ngozi, bila kuchoma wala kukata. Nililala chali, mkono wa kulia nyuma ya kichwa, nikiwa sijala kwa saa kadhaa, na baada ya dakika chache jibu likatoka: kilopaskali 9.4. Ini langu halikuwa na mafuta tu; dalili zilionyesha kwamba limeanza kuweka makovu.

Nilimwuliza daktari imewezekanaje ini liharibike huku nikinywa dawa kila siku. Alinijibu kwamba metformini huzuia ini kumwaga sukari nyingi katika damu, na kwa kazi hiyo ni dawa nzuri sana, lakini tafiti zilizochunguza vipande vya ini chini ya hadubini hazikuonyesha kwamba inapunguza uvimbe au makovu. Niliambiwa niendelee nayo kwa ajili ya sukari. Tangu siku hiyo nimeacha kusema "dawa ya kisukari" kana kwamba ni dawa moja, kwa sababu kosa langu lote lilitokana na neno hilo.

Dawa ya kwanza tuliyoizungumzia ilikuwa pioglitazoni, ambayo huufanya mwili uitikie insulini vizuri zaidi na kuyaondoa mafuta kwenye ini ili yahifadhiwe chini ya ngozi. Ni dawa ya miaka mingi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2010, ulioshirikisha watu wazima 247 wasio na kisukari, ulionyesha kwamba inapunguza mafuta na uvimbe wa ini. Hata hivyo huongeza uzito, huweza kudhoofisha mifupa, na huufanya mwili utunze maji, kiasi kwamba mtu ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo hapaswi kupewa. Miguu yangu ilikuwa tayari inavimba jioni. Tuliiacha.

Iliyobaki ilikuwa semaglutidi, sindano ya mara moja kwa wiki inayoiga homoni ambayo utumbo hutoa baada ya mtu kula. Huchelewesha chakula kutoka tumboni, huupa ubongo taarifa ya kushiba, na huisaidia kongosho kutoa insulini sukari inapopanda. Nilishangaa kusikia kwamba faida yake kwa ini hutokana kwa sehemu kubwa na uzito unaopungua. Kabla ya kuniandikia, daktari aliuliza kama nimewahi kuvimba kongosho, akauliza kuhusu saratani ya tezi ya shingo katika ukoo wetu, kisha akanituma nipimwe macho, kwa sababu sukari inaposhuka kwa kasi madhara ya kisukari yaliyokwisha kuwamo machoni yanaweza kuongezeka kwa muda. Namshukuru sana kwa kipimo hicho cha macho, ambacho mimi mwenyewe nisingekifikiria kamwe.

Nilianza na miligramu 0.25 kwa wiki nne, nikapanda hadi 0.5, na hapo ndipo nilipopata taabu. Kichefuchefu kilikuwa kinanianza siku moja baada ya sindano na kudumu hadi siku ya tatu, choo kikawa kigumu, na mara mbili nilikaribia kuacha kabisa bila kumwambia mtu. Mke wangu ndiye aliyenilazimisha nipige simu. Daktari hakunilaumu, aliniambia kwamba hakuna haja ya kukimbilia dozi ya juu, nikabaki kwenye 0.5 kwa miezi mitatu, nikala kidogo kidogo, nikaacha kula usiku sana, na hali ikatulia. Ndipo nikapanda hadi miligramu 1. Nilianza pia mazoezi ya kubeba vitu vizito mara tatu kwa wiki, kwa kuwa uzito unapopungua haraka misuli nayo hupungua.

Baada ya mwaka na miezi minne nilikuwa nimetoka kilo 98 hadi 88.5, yaani karibu asilimia 10, kiwango ambacho hata makovu ya ini huweza kuanza kurudi nyuma. ALT ilikuwa 34, wastani wa sukari wa miezi mitatu ulishuka kutoka asilimia 7.6 hadi 6.3, na ugumu wa ini ukawa kilopaskali 7.0. Nilitaka kushangilia, lakini daktari alinitahadharisha kwamba namba hiyo hushuka hata uvimbe peke yake unapopungua, kwa hiyo haithibitishi kwamba makovu yameondoka.

Mwezi Agosti 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha semaglutidi ya miligramu 2.4 kwa watu wenye ini lililovimba kwa mafuta na kuwa na makovu ya wastani hadi makubwa, lakini ambalo halijafikia hatua ya kusinyaa. Katika utafiti uliotumika, baada ya wiki 72 uvimbe uliisha bila makovu kuongezeka kwa asilimia 62.9 ya waliopata dawa, ikilinganishwa na asilimia 34.3 ya waliopewa sindano isiyo na dawa. Makovu yalipungua bila uvimbe kuzidi kwa asilimia 36.8 dhidi ya 22.4. Nilizipeleka namba hizo kwa daktari nikimwuliza kama nami nipandishe dozi. Tumekubaliana nibaki kwenye miligramu 1 hadi kipimo kijacho cha ugumu wa ini, na kama kitakuwa kimepanda au kimesimama palepale, tutaongeza.