Ofisi ya Mkaguzi Mkuu: inaona yote, haimfukuzi mtu

Ukipeleka malalamiko kwa Mkaguzi Mkuu (Inspector General, mchunguzi wa ndani wa ubadhirifu na ulaghai) wa wizara yoyote ya serikali ya Marekani, usitarajie amfukuze mtu kazi. Hana mamlaka hayo. Akikuta jinai, jalada linakwenda Wizara ya Sheria. Akikuta utovu wa nidhamu, anamwandikia mkuu wa taasisi, na huyo ndiye anayeadhibu au kunyamaza. Alichopewa na sheria iliyosainiwa na Rais Jimmy Carter Oktoba 1978 ni kuona nyaraka zote za taasisi, na kupeleka alichokiona kwa wakubwa wawili: mkuu wa taasisi na Bunge.

Huo ukubwa wa pande mbili ndio uti wa mgongo wa kazi yenyewe. Mkaguzi yuko chini ya usimamizi wa jumla wa mkuu wa taasisi, lakini mkuu huyo, isipokuwa katika mambo machache ya usalama wa taifa na mengineyo nyeti, haruhusiwi kumzuia kuanzisha wala kukamilisha ukaguzi. Kila nusu mwaka, kwa vipindi vinavyoishia 31 Machi na 30 Septemba, ripoti inaandikwa. Mkuu ana siku 30 za kuifikisha bungeni. Anaweza kuambatanisha maoni yake, si kuinyofoa kurasa. Likiwa jambo zito lisiloweza kusubiri, ipo barua ya siku 7: mkuu wa taasisi akishaipokea kutoka kwa mkaguzi, lazima iwe bungeni ndani ya muda huo. Hutumika mara chache sana, maana kuitaja tu mara nyingi kunatosha kufungua kabati lililokuwa limefungwa.

Kazi nyingi, hata hivyo, ni ya mezani. Hoja ya ukaguzi iliyokamilika ina kigezo, hali halisi, sababu, athari na pendekezo. Tuseme kanuni inataka kila kompyuta mpakato isajiliwe kwenye rejesta ya mali ndani ya siku 10 tangu ipokelewe. Hicho ni kigezo. Mkaguzi anachukua sampuli ya kompyuta 60, anakuta 14 hazimo. Hiyo ni hali halisi. Athari iko wazi: ikipotea, hakuna wa kuulizwa.

Sababu ndipo wakaguzi wachanga wanapoanguka. Wanaandika “watumishi hawakufuata utaratibu”, jambo ambalo ni hali halisi ile ile iliyovishwa shati jingine. Sababu ikiwa hiyo, pendekezo litakuwa “wakumbushwe kufuata utaratibu”. Waraka unatolewa, hoja inafungwa, mwaka unaofuata inarudi vile vile. Aliyefuatilia mzigo kuanzia ghalani anakuta kwamba mtunza stoo anasaini hati ya mapokezi na kuipeleka kwa mhasibu ili msambazaji alipwe, na msajili wa mali hapati nakala. Sasa pendekezo ni jepesi na linapimika: malipo yasifanyike bila namba ya usajili.

Rasimu ya ripoti ikishatoka, menejimenti inajibu. Jibu linalofaa linasema kitafanyika nini, na nani, lini kitakamilika. “Tumepokea na tutafanyia kazi” si jibu. Kwa mwongozo wa ofisi ya bajeti ya Ikulu, mvutano kuhusu pendekezo unapaswa kumalizwa ndani ya miezi 6 tangu ripoti kutolewa. Kukubali ni jambo moja, kutekeleza ni jingine: hoja ifungwe kwa ushahidi, si kwa barua ya ahadi. Mapendekezo yaliyokubaliwa na kulala miaka ndiyo aibu kubwa ya mfumo huu, na lawama si ya mkaguzi peke yake.

Upo pia mwanya kwenye uchunguzi. Hati ya wito ya ofisi nyingi hizi inalazimisha nyaraka, hata za mkandarasi wa nje, lakini hailazimishi mtu kuhojiwa. Mtumishi akinusa uchunguzi, anajiuzulu na kwenda zake, na hati hiyo haiwezi kumrudisha kujibu maswali.

Na mkaguzi mwenyewe anaweza kuondolewa. Rais anatakiwa kulijulisha Bunge siku 30 kabla, na tangu 2022 atoe sababu za kina. Januari 2025 Donald Trump aliwafuta kazi wakaguzi wakuu zaidi ya kumi kwa mkupuo bila notisi hiyo. Septemba mwaka huo jaji wa shirikisho alisema sheria ilivunjwa, lakini akakataa kuwarudisha, kwa kuwa Rais angeweza kutoa notisi na kuwaondoa tena.

Kwa anayetaka kulalamika: “bosi ni fisadi” haichunguziki. Andika namba ya mkataba, tarehe, nani alisaini, hati iko faili gani, na kama uliona kwa macho yako au uliambiwa. Usijichukulie nyaraka za siri kwenda nazo nyumbani. Taja zilipo, mkaguzi ana ruhusa ya kuzifuata. Kwa mtumishi wa taasisi, jina halitajwi bila ridhaa yake, isipokuwa pale ambapo uchunguzi hauwezi kuepuka kulitaja. Ukikaa bila jina kabisa, acha njia ya kukupata, kwa sababu swali la pili ndilo mara nyingi linaloamua kama jalada litafunguliwa.