Nilivyopima nanosekunde kwa kaunta ya kichakataji

Kulikuwa na fanksheni moja kwenye programu yangu iliyokuwa ikiitwa mfululizo, nami nilitaka kujua kila mara inakula muda gani. Kuuliza mfumo endeshi saa kabla na baada hakukufua dafu. Majibu yaliyumba, na kule kuuliza tu kulichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

Nilianza kwa kuangalia Linux inatumia saa ipi. Ndani ya `/sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource` kulikuwa na neno moja: `hpet`. Ugonjwa ulikuwa hapo. HPET, kipima muda cha maunzi, iko nje ya viini (cores) vya kichakataji, kwa hiyo kila usomaji ni safari ya kwenda na kurudi, na safari hiyo inaweza kula maikrosekunde nzima. Kumbukumbu za kerneli, yaani moyo wa mfumo endeshi, zilieleza kwa nini imechaguliwa: TSC, kaunta iliyomo ndani ya kichakataji, ilikuwa imekataliwa kwa sababu viini havikukubaliana hesabu. Nilisasisha programu ya ubao mama, nikawasha upya, na kerneli ikairudisha `tsc` yenyewe. Wapo wanaoilazimisha kwa `tsc=reliable`. Mimi sipendi kumnyamazisha mlinzi kabla sijajua anabwekea nini.

TSC ilikuja na Pentium mwaka 1993. Zamani ilihesabu mizunguko halisi ya kiini, hivyo kichakataji kikipunguza kasi ili kuokoa umeme, nayo ilipunguza. Siku hizi tafuta alama mbili kwenye `/proc/cpuinfo`: `constant_tsc`, yaani kaunta haibadili mwendo, na `nonstop_tsc`, yaani haisimami hata kiini kikilala. Zote mbili zilikuwepo.

Kuisoma ni amri moja, RDTSC. Biti 32 za chini hutua kwenye EAX, 32 za juu kwenye EDX (rejista, yaani vihifadhi vidogo ndani ya kichakataji), nawe unaziunganisha. Usithubutu kuridhika na EAX peke yake: kwa GHz 3 inajaa na kuanza upya kila sekunde 1.4 hivi, ilhali biti zote 64 zingehitaji miaka kama 195.

Kilichonichosha zaidi ni mpangilio. Kichakataji hakifuati amri kwa foleni. Kinaweza kusoma kaunta huku kazi unayoipima ikiwa haijaisha, ukapata namba nzuri ya uongo. Niliweka LFENCE, amri inayokilazimisha kumaliza kwanza amri zilizotangulia, kabla na baada ya kila RDTSC, na papo hapo namba zikatulia. Kisha nikapima pengo tupu, RDTSC mbili bila kitu katikati, nikalitoa kwenye kila jibu. Wastani niliuacha, nikachukua namba ya katikati (median): kiini kikikatizwa mara moja tu, wastani wote unaharibika.

Lakini bado hizo ni hesabu, si muda. Usigawanye kwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi! Kerneli huipima kasi ya TSC inapowaka na kuandika matokeo kwenye kumbukumbu zake, zinazosomwa kwa `dmesg`. Hiyo ndiyo niliyoitumia. Na hata hiyo inategemea fuwele inayotoa mapigo ya saa, ambayo nayo hupotoka: ikikosea sehemu 50 kwa milioni, utapoteza au kuongeza sekunde 4.3 kwa siku. Kwa kupima fanksheni, hilo halina uzito. Kwa kuandika tarehe na saa ya miamala, tumia `clock_gettime`, mwito wa kuuliza saa, iliyorekebishwa na NTP, yaani huduma ya kusawazisha saa kupitia mtandao. TSC ikiwa ndiyo chanzo, kwa kawaida mwito huo hauingii hata ndani ya kerneli, kwa hiyo ni wa haraka sana.

Baadaye nilihamishia kipimo hicho kwenye mashine yenye kichakataji cha aina ya ARM. Huko kaunta ni CNTVCT_EL0, na kasi yake inasomwa wazi kwenye CNTFRQ_EL0. Yangu ilisema MHz 24, yaani hatua moja kila nanosekunde 41.7. Fanksheni ya nanosekunde 30 haionekani kwa kipimo hicho, kwa hiyo huko naiita mara elfu moja kwa mkupuo, kisha nagawanya.